Fundi Aliyepunguza Suruali Yake Mwenyewe

Kitendawili hiki hapa, na usikijibu kwa pupa: Nina walinzi nyumbani kwangu, nawalisha mwenyewe. Wakasinzia, mwizi akaingia, akajijengea chumba mlangoni pa jiko. Nikawamwagia maji wakaamka. Mwizi wakamtwanga kweli, lakini mikono ilipowawasha wakaanza kuvunja sahani zangu. Ni nini?

Umeshindwa? Usione haya. Bibi Vifungo mwenyewe kilimtoa jasho kukitunga, na yeye vitendawili huvitafuna kama karanga. Kaa nacho kidogo tu. Jibu liko njiani, linavaa viatu.

Bibi Vifungo hakuzaliwa na jina hilo. Wateja ndio waliompa, kwa sababu ya makopo arobaini yaliyopangwa ukutani nyuma ya kiti chake, kila kopo na vifungo vyake: vya mashati, vya makoti, vya magauni ya harusi, na kopo moja la vifungo yatima visivyo na ndugu hata mmoja. Mumewe alikuwa fundi cherehani. Huyo watu walimwita Fundi tu, kana kwamba duniani hakuna fundi mwingine, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu.

Duka lao lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani mbili zilitazamana, katikati meza ya kukatia, pembeni kioo kirefu chenye ufa uliomgawa kila mteja kwenye kitovu. Fundi alikata na kushona. Bibi Vifungo alipinda mapindo na kuweka vifungo. Miaka thelathini na nane walitazamana hivyo juu ya cherehani, na mtu akikutazama miaka thelathini na nane, huna pa kuficha hata chafya.

Mchezo wao ulikuwa vitendawili. Mikono ikishona, midomo inategana. Wewe unajua desturi: aliyeshindwa hutoa mji. Lakini wao miji iliwaishia mwaka wa pili wa ndoa. Fundi alikuwa amekwisha kugawa miji yote aliyoijua na mingine aliyoitunga, Bibi Vifungo akasema, "Miji sitaki tena. Nimekuwa malkia wa dunia nzima na bado nafua mwenyewe." Wakaweka sheria yao. Atakayeshindwa hatatoa mji, atatoa jibu moja la kweli kwa swali lolote atakaloulizwa, bila mzaha na bila kona. Mara ya mwisho Fundi kushindwa, aliulizwa juu ya mapazia ya chumbani, akakiri kwamba alikuwa akiyachukia kwa miaka kumi na moja. Tangu hapo alijifunza kutoshindwa.

Ugonjwa ulipoanza, ulianza kama ugomvi. Fundi alimeza tonge, tonge likasimama kifuani kama mgeni aliyekwama mlangoni, haingii wala hatoki. Akanywa maji. Siku ya pili tena. Siku ya tatu Bibi Vifungo aliweka mikono kiunoni.

"Kama chakula changu hakikupendezi, sema. Usinifanyie maigizo ya kukabwa."

"Chakula kitamu, Mama Watoto. Njia ndiyo mbovu."

Na kweli njia ilikuwa mbovu. Hospitali walimmezesha mpira wenye kamera, wakaona uvimbe umekaa kwenye umio, ile njia ya chakula itokayo kooni kwenda tumboni, karibu kabisa na mlango wa tumbo. Saratani. Bibi Vifungo alilia siku mbili. Ya tatu akafuta macho na kuanza kusaga kila kitu kiwe uji. Fundi alisema sasa amerudi utotoni, amebakiza kubebwa mgongoni.

Walimwekea dripu za dawa kali, na pamoja nazo dripu ya dawa mpya, kila baada ya wiki tatu. Muuguzi wa chumba cha dripu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, ndiye aliyewaelezea. Wagonjwa wote walimwita Sista.

"Mwili una kinga," alisema. "Kinga ni walinzi. Saratani ni mjanja, inawaimbia mpaka wanasinzia. Dawa hii haiipigi saratani yenyewe. Inawaamsha walinzi, halafu wao ndio wanaoipiga. Ila mlinzi aliyeamka vibaya hachagui. Anaweza kuishambulia ngozi, ukawashwa. Anaweza kushambulia mapafu, ini, hata matumbo. Kwa hiyo chochote kikibadilika, uniambie. Usisubiri."

Bibi Vifungo alienda nayo nyumbani hadithi ya walinzi, akaitia kwenye kopo la vifungo yatima, na miezi sita baadaye akaitoa imekuwa kitendawili. Ndicho kile ulichotegewa hapo juu. Sasa jibu unalo: ni kinga ya Fundi, na maji ni dripu yake. Sahani utaziona zikivunjika.

Sista alimpa Fundi kadi ya manjano yenye namba ya simu ya kupiga saa yoyote. Kadi nzuri, ngumu. Fundi aliigeuza geuza, akaipenda sana. Wiki ile ile akaikata ikawa kielelezo cha kukatia mfuniko wa mfuko wa shati.

"Baba Watoto! Ile ni namba ya hospitali!"

"Namba bado ipo, nimekata pembeni tu."

"Umekata tarakimu mbili za mwisho."

"Basi watapokea watu wengine, tuwasalimie."

Kila Fundi alipokwenda kuwekewa dripu, Sista alimpandisha kwenye mzani, akampima presha, akamtoa damu, kisha akafungua daftari na kuuliza maswali yale yale kwa mpangilio ule ule. Unakohoa? Unapumua vizuri? Unawashwa? Na la mwisho lilikuwa hili: "Choo mara ngapi kwa siku?"

Fundi alikuwa mtu wa haya. Swali la choo kutoka kwa mwanamke wa umri wa binti yake lilimfanya aangalie dari. "Mwanangu," akasema siku ya kwanza, "fundi hahesabu vipande anavyotupa." Sista akacheka, akaandika "kawaida". Na kweli wakati ule ilikuwa kawaida.

Sasa njoo kwenye benchi. Nje ya chumba cha dripu kulikuwa na benchi refu la mbao, na wagonjwa wa siku moja hukutana hapo mpaka wanakuwa ndugu. Mfalme wa benchi alikuwa Dereva, mzee wa malori aliyestaafu, mwenye saratani ya tumbo na sauti ya honi. Dereva alikuwa na vipele mikono yote miwili, na alivionyesha kama nishani.

"Unaona hii, Fundi? Usiku naparura mpaka mke wangu amehamia chumba kingine. Lakini nimesikia daktari akiwafundisha wanafunzi wake: wengi wa wanaopata misukosuko hii, dawa imewakolea. Walinzi wameamka, bwana! Wewe je, unawashwa?"

"Siwashwi," alisema Fundi kwa unyonge.

"Hata kidogo?"

"Labda hapa, kisogoni."

"Hiyo ni kola," alisema Bibi Vifungo.

Fundi alirudi nyumbani amenuna. Siku nzima alijikagua kwenye kioo chenye ufa, nusu ya juu kisha nusu ya chini. Akiona alama anaita, "Mama Watoto, njoo! Hiki ni kipele?" Bibi Vifungo anavaa miwani, anainama, anatoa hukumu: "Huyo ni mbu." Siku moja alimkuta akimuuliza mteja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliyekuja kupimwa koti, ni wapi mtu anaweza kupata upupu.

"Upupu wa kazi gani?" alifoka Bibi Vifungo.

"Wa kuwagutusha walinzi. Labda wamelala fofofo."

Aliposikia habari ile, Sista alivua miwani. "Mzee wangu, haya si mashindano ya kujikuna. Ni kweli, wengi wanaowashwa dawa inawafaa. Lakini wako wasiowashwa na wamepona vizuri, na wako waliowashwa mpaka basi na haikuwasaidia. Sisi tunaangalia picha, hatuangalii kucha."

Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo. Moyoni alibaki na lake.

Basi baada ya dripu ya nne, asubuhi moja, Fundi alipiga kelele ya furaha bafuni mpaka jirani akagonga ukuta. Vipele! Tumboni na mapajani, vingi, vyekundu, vinawasha kama siafu. Na wiki chache baadaye mabaka meupe mawili yakatokea mkononi, moja kama kifungo cha shati na jingine kama cha koti, Bibi Vifungo akayapima na kusema hata yeye asingeyalinganisha vizuri zaidi. Sista akampa mafuta ya kupaka na vidonge vya kupunguza kuwasha. Fundi akapaka nusu tu, asije akawakera walinzi. Kwenye benchi akakaa karibu na Dereva, wakajikuna pamoja kama nyani wawili kwenye jua.

Picha ilipopigwa, uvimbe ulikuwa umenywea zaidi ya nusu.

Siku hiyo Fundi alikula kipande cha mkate mkavu, hakukiloweka kwenye chai. Alikitafuna, akakimeza, wote wawili wakatulia wakisikiliza kama watu wanaosubiri hodi. Mkate ukapita. Bibi Vifungo akageukia makopo yake akawa anayafuta vumbi, makopo ambayo aliyafuta jana.

Ingekuwa hadithi ya watoto, ingeishia hapo. Lakini kwenye benchi kulikuwa na mtu wa tatu, Mwalimu mstaafu, mpole, aliyesahihisha matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Siku moja Mwalimu hakuwepo.

"Wamemfungia bomba," Dereva alinong'ona, na mnong'ono wa Dereva husikika mpaka geti la hospitali. "Alikuwa anaharisha. Akaenda akawaambia, yeye na unyoofu wake. Wakasimamisha dawa siku ile ile."

"Wakamrudishia lini?" aliuliza Fundi.

"Nani kasema wamemrudishia? Hapa, ndugu yangu, wasikie neno tumbo tu. Mimi langu likiuma, nitasema ni goti."

Bibi Vifungo alicheka. Fundi hakucheka, na hilo mkewe hakuliona. Angeliona, hadithi ingekuwa fupi.

Baada ya dripu ya saba, Fundi akaanza kupenda kamba ya nguo. Anashona kidogo, ananyanyuka. "Naenda kuangalia kama zile shuka zimekauka." Anarudi, anashona kola, ananyanyuka. "Lile wingu silipendi." Njia ya kwenda kwenye kamba ilipita mlangoni pa choo, na Bibi Vifungo hakuwa kipofu, lakini alidhani ni maji ya dripu yanayomfanya akojoe mara kwa mara. Kisha pipa la maji la uani, ambalo lilikuwa likiwatosha siku tatu, likaanza kuisha kwa siku moja na nusu.

"Pipa linavuja?" aliuliza.

"Labda linakunywa lenyewe. Joto hili."

Alimtazama. Uso ulikuwa umechongoka kidogo, lakini nguo zilimkaa sawasawa. Bibi Vifungo alikuwa mke wa fundi: mtu akipungua, yeye huona kwenye nguo kabla ya kuona kwenye mashavu. Suruali ya kijivu, ile ya kuendea hospitali, ilimkaa kiunoni kama siku iliyoshonwa. Akatulia.

Mpaka siku moja kabla ya dripu ya nane, kifungo cha suruali ile kilipodondoka.

Alikaa mchana dirishani, Fundi ameenda tena kuchungulia wingu. Akafungua kopo la vifungo vya suruali, akachagua, akatunga uzi, akageuza kiuno ndani nje. Vidole vyake vikasimama.

Kiuno kilikuwa kimepunguzwa. Mshono wa nyuma ulikuwa umeingizwa ndani na kushonwa upya, na pembeni yake kulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, mstari mzima, mahali uzi ulipofumuliwa. Na pembeni ya mstari huo mstari mwingine. Na mwingine. Mara tatu. Mshono wa mwisho ulikuwa mbichi kabisa, wa mashine, mistari miwili midogo na fundo la ndani. Hakuna aliyefunga fundo la namna ile mtaani pale ila mtu mmoja.

Akachukua tepu, akapima kutoka mshono wa kwanza mpaka wa mwisho. Hakusema namba hata kwa kujinong'oneza. Akatoa suruali nyeusi kabatini: nayo imepunguzwa. Ile ya kahawia: nayo pia. Fundi alikuwa akikonda, na kila alipokonda aliifuata nguo nyuma yake kwa sindano, ili mkewe asione. Wateja waliambiwa kazi imechelewa, kumbe fundi alikuwa akijishonea uongo.

Bibi Vifungo alielewa yote kwa mara moja. Pipa, wingu, shuka, Mwalimu. Jambo la kwanza lililomjia halikuwa hasira. Ni aibu kulisema, lakini lilikuwa hili: nyamaza. Uvimbe umenywea. Mkate unapita. Ukisema, wataifunga dawa, na mwizi atarudi na mizigo yake. Aliweka kifungo, akakaza uzi, akaikunja suruali. Nusu saa nzima alikuwa mshirika wa mumewe.

Kisha akakumbuka maneno ya Sista: hata matumbo. Matumbo si sahani, ukiyavunja huendi dukani kununua mengine.

Fundi aliporudi kutoka uani, alimuuliza, kwa sauti ya kawaida, akiendelea kushona. "Mara ngapi?"

"Mara ngapi nini?"

"Wajua ninachouliza."

"Mara ngapi nimekupenda? Hesabu imenishinda, ningekwenda shule zaidi." Akakaa kwenye cherehani yake, akakanyaga pedali kwa nguvu. Sindano ilikimbia mbio, na chini yake hakukuwa na kitambaa.

Bibi Vifungo aliiona. Swali lake likabaki linaning'inia katikati ya cherehani mbili, kama shati ambalo mwenyewe hajaja kulichukua.

Kesho yake walikwenda hospitali. Fundi alivaa suruali ya kijivu na koti lake zito, ingawa jua lilikuwa kali mpaka kunguru wanahema. Alitembea polepole, mikono mifukoni. Kwenye benchi Dereva alimwambia, "Leo umevaa kama mtu anayesafiri kwenda kwenye barafu," Fundi akajibu, "Mazoea." Mahali pa Mwalimu palikuwa bado wazi.

Ndani, Sista alisogeza mzani. "Karibu, Mzee wangu. Panda. Koti tuliweke pale."

"Koti naomba nibaki nalo. Ndilo linalonisimamisha."

"Haya, simama nalo." Sista alitazama namba, akatazama daftari. "Kilo ni zile zile. Vizuri." Lakini aliutazama uso wa Fundi pia, na kalamu haikuandika.

Bibi Vifungo alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni, mkoba mapajani. Alimwangalia mumewe pale juu ya mzani, amenyooka kama mwanamasumbwi, na kwenye mfuko wa kulia wa koti akaona umbo analolijua: pete mbili za mkasi mkubwa wa kukatia. Mfuko wa kushoto ulikuwa umening'inia kwa kufuli la duka. Na kifuani, penye kitambaa cha leso, vyuma viwili vya kukandamizia vitambaa mezani. Alijiuma mdomo. Alitaka kulia, na alitaka kucheka, na vyote viwili vilikuja mlangoni pamoja vikakwama, kama tonge lile.

"Unakohoa?" Sista alianza.

"Sikohoi."

"Unapumua vizuri?"

"Kama mvukuto."

"Kuwashwa?"

"Kunaendelea vizuri, asante."

"Choo mara ngapi kwa siku?"

Fundi akatazama dari. "Mwanangu, fundi hahesabu..."

"Kitendawili!" alisema Bibi Vifungo.

Wote wawili wakageuka. Fundi alitaka kuendelea, lakini mdomo una mazoea yake ya miaka thelathini na nane. "Tega," ukajibu wenyewe.

"Ninaye fundi. Ana mteja mmoja tu asiyempima kwa tepu. Kila wiki anampunguzia suruali, na mteja hasemi, na mke wa mteja haoni. Suruali ndiyo inayoona. Fundi huyo ni nani?"

Kiyoyozi kilikohoa. Sista alishusha kalamu. Hakuelewa kitendawili, lakini alimwelewa mwanamke aliyekitega.

Fundi alisimama juu ya mzani. Alikijua. Alikijua kabla hakijaisha, na mkewe alijua kwamba anakijua. Akijibu "Ni mimi", amejifumua mbele ya Sista. Akisema "Nimeshindwa", anadaiwa jibu moja, bila mzaha na bila kona, na swali lenyewe lilikuwa limekwisha kuulizwa. Aligeuza kichwa huku na huku akitafuta mlango wa tatu.

"Hiki si kitendawili," alisema mwishowe. "Huu ni mkasi. Huku makali, huku makali."

"Mkasi nao unao," alisema Bibi Vifungo. "Mfuko wa kulia."

Sista akasogea. "Mzee wangu. Hebu tuone hilo koti."

Fundi akatoa mkasi, akauweka mezani. Akatoa kufuli. Akatoa vyuma viwili. Na akiwa amekwisha kufika hapo, akatoa na kopo dogo la pini ambalo hata mkewe hakulijua. Kisha akavua koti, na bila koti suruali iliyomkaa vizuri ilikuwa imekaa vizuri kwenye mtu mwembamba sana. Namba ya mzani ikashuka, ikashuka, ikasimama.

Sista hakugomba. Alivuta kiti, akakaa chini, ikawa sasa Fundi ndiye mrefu. "Unaogopa nitafunga bomba."

"Mmemfungia Mwalimu."

"Tulisimamisha, ndiyo. Matumbo yake yalikuwa yamevimba. Angechelewa siku chache yangetoboka. Tukampa vidonge vya kuwatuliza walinzi."

"Na uvimbe wake?"

"Kwenye picha ya mwisho umetulia. Wengine tunasimamisha dawa na walinzi wanakumbuka kazi yao. Wengine tunapumzisha, tunarudisha. Na wengine, Mzee wangu, inabidi tutafute njia nyingine. Sijui wewe utakuwa yupi. Nikikuahidi nitakuwa nimekushonea suruali. Ninachojua ni kimoja. Nikikuwekea dripu leo bila kujua kinachoendelea tumboni, naweza kukuua kwa dawa inayokuponya."

Fundi alimtazama mkewe. Alitazama kwa muda, kama anavyotazama kitambaa cha mtu kabla ya kukikata, kwa sababu kikikatwa hakirudi.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu jana, kifungo kilipodondoka. Ulipunguza vizuri, Baba Watoto. Ungebadilisha fundo, nisingekugundua."

"Fundo langu siwezi kubadilisha. Ni la baba yangu."

"Najua. Sasa jibu kitendawili, au toa mji."

Fundi alishusha mguu mmoja kutoka kwenye mzani, kisha wa pili. Mikono ilitafuta mifuko, mifuko ilikuwa mitupu. Alitaka kusema kitu cha kuchekesha. Mkewe alikiona kikija, kikapanda mpaka kwenye nyusi, kikateremka.

"Nimeshindwa," alisema.

Miaka kadhaa tangu mapazia, neno hilo halikuwa limesikika. Bibi Vifungo aliinamisha kichwa, kama mtu anayepokea kitu kwa mikono miwili. Sista akachukua daftari na kalamu.

"Choo mara ngapi?" aliuliza Sista.

"Jana nane, Sista," alisema Fundi. "Juzi nane pia, na moja ilikuwa na damu kidogo. Leo tangu alfajiri nne, na ya tano inabisha hodi sasa hivi, kwa hiyo andika haraka."